Bado Sijafungua

Duka la Emérence lilifunguliwa mara mbili kila asubuhi. Mara ya kwanza lilifunguliwa kwa funguo: makufuli mawili, mlango wa chuma unaosukumwa kwa goti, redio inayowashwa kwenye nyimbo za kanisa, friji inayopanguswa jasho lake. Mara ya pili lilifunguliwa na mtu. Huyo ni mteja wa kwanza, na kwa imani ya Emérence ndiye aliyebeba siku nzima mkononi: wanunuzi, bahati, amani ya moyo, hata umeme. Akiwa na mkono mzuri, bidhaa zinajiuza zenyewe mpaka jioni. Akiwa na mkono mbaya, heri ungebaki kitandani. Basi kati ya ufunguzi wa kwanza na wa pili Emérence alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akiwachambua wapita njia wa mtaa wa Kansanga kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele.

Majirani walimwita Mama Tresor, kwa jina la mwanawe aliyekuwa shule ya bweni. Alikuwa mwanamke wa Bukavu, mfupi, mwenye sauti ya kuamsha mtaa na kilemba kilichofungwa vizuri kuliko cha mke wa mchungaji, jambo ambalo mke wa mchungaji alilijua na halikumfurahisha. Aliuza maziwa, mkate, sabuni, unga wa muhogo, samaki wa chumvi, na mawese yaliyotiwa kwenye chupa za maji. Wakongomani wenzake walimfuata kwa ajili ya mawese. Wengine walimfuata kwa sababu yeye peke yake, katika kipande kile cha barabara ya Ggaba, alikuwa wazi jua likichomoza. Wazi kwa ule ufunguzi wa kwanza, maana yake. Wa pili ndio uliokuwa na mambo.

Imani hiyo hakutoka nayo nyumbani. Aliiokota Kikuubo, kwenye maduka ya jumla ya Kampala, mwaka ule alioingia mjini na Tresor mgongoni na mtaji wake umefungwa kwenye pindo la kitenge. Alikwenda kwa muuza jumla mmoja asubuhi na mapema, akataka miche miwili ya sabuni akaanzie kutembeza. Yule bwana akamtazama kuanzia kilemba hadi ndala, macho yakakaa kwenye ndala kwa muda mrefu, kisha akamwambia, "Bado sijafungua." Nyuma yake wapagazi walikuwa wanapanga makatoni na mizani ilikuwa inacheza. Emérence akasimama pembeni, akisukumwa na kila mwenye mzigo, hadi akaja mama mmoja mnene mwenye bangili za dhahabu, akanunua katoni nzima, akacheka, akaondoka. Hapo muuza jumla akafunguka uso na duka kwa pamoja. Emérence alitoka na sabuni zake akilia katikati ya Kikuubo, na Kikuubo hakuna hata nafasi ya kulia vizuri. Mwingine angeapa kwamba hatamfanyia binadamu mwenzake jambo kama lile. Emérence aliapa kupata duka.

Akalipata, na elimu yake akaja nayo. Alijua mikono yote ya Kansanga. Msusi Exaucée, aliyeimba kwaya na kuzaa mapacha, alikuwa na mkono wa ajabu; siku zinazochelewa kuchangamka alipigiwa simu aje anunue kibiriti hata kama nyumbani anavyo vya kuchoma mtaa. Mwanamke mjamzito alikuwa mzuri. Mtu mwenye viatu vilivyopasuka alikuwa mbaya. Mtu anayeuliza bei akaondoka alikuwa mbaya kupita kiasi, na nyuma yake Emérence alichoma kipande cha karatasi, akakipitisha juu ya kizingiti. Pesa za simu zilipoanza kumsumbua, maana simu haina mkono, alifikiri wiki nzima, kisha akatoa hukumu: akawa anamuuliza mteja amebonyeza kwa kidole gani.

Juu ya sheria zote ilisimama moja ambayo hakuna aliyebishana nayo, kwa kuwa kila mtu mtaani alilelewa nayo: pesa haitolewi kwa mkono wa kushoto. Mchana ni utovu wa adabu. Asubuhi, kabla duka halijafunguliwa na mtu, ni balaa.

Odyek akaja na mkono wa kushoto.

Alikuwa polisi mstaafu, mtu wa Lira, mrefu, aliyenyooka kama bado anakaguliwa. Alikuwa amehamia kwenye vyumba vya kupanga nyuma ya duka pamoja na mkewe, Juliet Alum. Jua au mvua alivaa koti zito la kijani, mkono wa kulia umezama mfukoni. Mkewe alikuwa na vidonda vya tumbo, na daktari alikuwa amesema anywe maziwa kwanza, ndipo ameze vidonge, na vidonge vimezwe asubuhi. Kwa hiyo asubuhi ya kwanza Odyek alifika dukani kabla ya mtu yeyote, akasalimu vizuri, akaomba pakiti ya maziwa, akanyoosha pesa kwa mkono wa kushoto. Emérence alikuwa ameshaipokea kabla hajaona. Kufika saa nne umeme ukakatika na friji ikafa. Adhuhuri trei ya mayai ikateleza. Jioni akina mama wa kanisa walioagiza samaki wa chumvi wakasikika wamenunua kwingine. Umeme ulikuwa umekatika nusu ya Kampala, lakini Emérence alijua ulikoanzia.

Kesho yake Odyek alipotokea, alimkuta amejaa mlangoni.

"Bado sijafungua, Afande."

Odyek akatazama mlango uliokuwa wazi. Akaitazama redio iliyokuwa inamshukuru Mungu kwa sauti kubwa, na friji iliyokuwa inawaka taa.

"Sawa, mama," akasema.

Akasogea pembeni, akasimama mguu pande. Maisha yake yote ya kazi alikuwa amelinda mageti ambayo watu wengine ndio waliopita, na kusubiri hakukumshangaza. Baadaye Exaucée akaja, akanunua sabuni, akacheka, akaondoka. Emérence akageuka na uso mpya.

"Haya, Afande, karibu sasa. Ulisema maziwa?"

Ikawa ndiyo desturi. Kila asubuhi mzee yule alisimama chini ya paa la duka, mgongo ukutani, akingoja mtu mwingine anunue chochote ili naye auziwe maziwa. Mkewe alipouliza kwa nini anachelewa, alimwambia Wakongomani wana maombi yao kwanza. Siku ambazo watu walikawia alianza kuwaomba wapita njia. "Ndugu yangu, nunua hata pipi." Waendesha bodaboda wakampa jina, Askari wa Maziwa, wakawa wanampigia saluti. Yeye aliirudisha kwa kichwa tu, mkono mfukoni, nao wakasema, muone anavyoringa. Emérence naye alisema hivyo hivyo. Mkono mfukoni kama waziri, na mwingine wa kushoto ndio anautuma dukani. Hakumuuliza hata siku moja. Mtu ambaye umeshamjua huna haja ya kumuuliza.

Aliyeuliza alikuwa Exaucée, na hakumuuliza Odyek. Alikuwa ananunua kibiriti.

"Mama Tresor, lakini hii inaruhusiwa? Kumukatalia mutu na pesa yake iko mukononi?"

Swali hilo lilisikika kwenye kibanda cha jirani, na jirani ni Blaise, fundi simu. Blaise alikuwa amesoma sheria Bukavu mwaka mmoja na nusu, akaacha kwa sababu ya vita, alisema yeye. Kwa sababu ya mitihani, walisema waliosoma naye. Hicho kipande cha elimu alikitunza kama mtu anavyotunza suti ya harusi, na hakikutoka kabatini mara nyingi. Leo kilitoka. Alikuja na bisibisi mkononi, akajikohoza.

"Dada, uliza mie. Duka ni sawa na nyumba. Mutu anabisha hodi, wewe unaweza kumufungulia, unaweza kumunyima. Bidhaa kuwa kwenye rafu haiko ahadi. Ni mwaliko tu. Na mwenye kualika anaweza kughairi."

"Hata bila sababu?" Exaucée akauliza.

"Sababu ni ya watu wenye wasiwasi," Blaise akasema.

Kwa kweli hapo katikati alikuwa amegusa sheria kidogo, kama mtu anayepiga mawe gizani akasikia bati. Emérence hakuhitaji zaidi. Kesho kutwa yake ubao ulining'inia juu ya mlango, herufi nyekundu, Blaise ndiye aliyezitunga: MWENYE DUKA ANA HAKI YA KUMKATAA MTEJA YEYOTE. KWA AMRI.

"Amri ya nani?" mchoraji alikuwa ameuliza, brashi hewani.

"Amri ni amri," Blaise alikuwa amemjibu.

Odyek aliusoma ubao ule asubuhi, taratibu, mara mbili. Akatazama watu waliokuwa wanaingia na kutoka. Mama wa mapacha. Kijana wa bodaboda. Mwalimu wa nasari. Hapo ndipo alipoelewa kwamba hakukuwa na maombi yoyote.

"Mama Tresor," akasema. "Mteja yeyote, ni nani?"

"Ni yeyote, Afande."

"Lakini mimi naona ni mimi."

Emérence akajifanya anapanga mikate. Odyek akachukua maziwa yake, zamu yake ilipofika, akaenda. Angeweza kununua kwingine, ndiyo. Duka lililofuata la kufungua mapema lilikuwa chini kabisa kwenye njia panda, na magoti yake yalikuwa yamestaafu kabla yake. Kesho yake alirudi kusimama ukutani. Ila sasa alisimama akijua, na kusimama ukijua ni kazi nyingine.

Kisha ikanyesha. Ilikuwa ile mvua ya Kampala inayoanza alfajiri kama imelipwa, ikigeuza mitaro kuwa mito na kuwafungia watu wote ndani. Exaucée alikuwa msibani Kisenyi. Hakuna bodaboda aliyetoka. Duka lilikuwa wazi kwa funguo na limefungwa kwa imani, na Odyek alikuwa chini ya paa, koti likitiririka maji.

"Mama Tresor, leo tu," akasema. "Bibi yangu ameamka na maumivu. Yeye nalia."

Emérence aliona huruma. Tusimsingizie, aliiona. Lakini wiki ile mauzo yalikuwa yanasuasua na muhula wa Tresor ulikuwa unakaribia. Akachungulia barabarani kushoto na kulia kama mtu anayengojea mwokozi. Hapakuwa na mtu. Ndipo akapata wazo ambalo yeye mwenyewe aliliona la Kikristo. Akafungua friji, akatoa pakiti, akaisukuma juu ya kaunta.

"Chukua, Afande. Bure. Nakupatia kwa moyo."

Zawadi haifungui duka. Zawadi haina mkono. Alifurahi jinsi alivyolipanga.

Odyek aliitazama ile pakiti, kisha pesa iliyokuwa mkononi mwake, imelowa.

"Mimi si mwombaji, mama," akasema. "Pesa iko."

"Najua iko. Chukua tu."

"Pesa iko," akarudia, akainyoosha. Kwa mkono wa kushoto.

Emérence akarudisha mikono nyuma ya mgongo, kama mtoto aliyeambiwa asiguse moto. Walikaa hivyo, mmoja ananyoosha, mwingine anaficha, pakiti katikati yao inatoka jasho, na redio inaimba kuhusu upendo. Mwishowe Odyek akakunja pesa yake, akaenda zake kwenye mvua bila maziwa.

Juliet Alum alimeza vidonge tumbo tupu. Akatapika, akaanguka mlangoni mwa bafu, akapakiwa kwenye bodaboda katikati ya wapangaji wawili, akakimbizwa kliniki huku mvua inampiga. Alipona, hilo lisemwe mapema. Lakini habari ilifika barabarani kabla bodaboda haijarudi, na ilipofika, Juliet ndani yake alikuwa ameshapona, akaugua tena, akafa na kuzikwa. Watu wakaanza kupita mbele ya duka wakisoma ubao kwa sauti. Odyek, aliyekuwa amekaa na mkewe usiku kucha, asubuhi alipiga koti lake brashi, akaenda kwa mwenyekiti wa LC, serikali ya mtaa, kushtaki.

Mwenyekiti Erinayo alisikiliza kesi za mtaa kwenye baraza ya nyumba yake, Jumamosi, viti vya plastiki vikiwa vimekodiwa. Alikuwa mtu wa haki, hasa baada ya chakula. Zaidi ya hayo, miezi michache nyuma alikuwa amepelekwa kwenye semina ya haki za raia, akapewa chakula cha mchana, kalamu na fulana, na tangu siku hiyo hakuna kesi aliyoiona ndogo. Fulana alikuwa ameivaa. Mtaa mzima ulikuja. Wengine walikuwa mashahidi wa mambo ambayo hawakuyaona.

Alipoingia, mwenyekiti alisalimia watu wa mstari wa mbele mmoja mmoja kwa mkono. Alipofika kwa Odyek, akanyoosha wa kulia. Odyek akatoa wa kushoto. Mwenyekiti akauvuta wake haraka, akajifuta kwenye fulana ya haki za raia, akaketi.

"Banange, nyamazeni," akaanza. "Hii kesi ni ya biashara na ya shelia. Nnyabo Emérence, wewe ulikataa kuuzia huyu mzee maziwa?"

"Sikumukatalia. Nilisema bado sijafungua."

"Mlango ulikuwa wazi?"

"Wazi."

"Friji?"

"Inafanya."

"Sasa nini haikufunguliwa?"

Emérence akamtazama Blaise. Blaise akasimama, suti ya harusi tayari mwilini, yaani ile elimu, akaeleza tena habari za nyumba, hodi na mwaliko, akamalizia kwa maneno mawili ya Kilatini ambayo moja lilikuwa jina la dawa. Watu wengine walipiga makofi. Mwenyekiti alimwacha amalize, kisha akainua mkono wenye kalamu ya semina.

"Ssebo, kaa. Nusu ni kweli. Mwenye duka anaweza kukataa mtu. Mlevi, anaweza kukataa. Mtu anatukana, anaweza. Mtu hana pesa, anaweza sana. Lakini shelia ya hii inchi nasema kuna sababu hapana gusa." Akaanza kuzitaja kwa vidole, akimgeukia Emérence kwa kila kimoja. "Wewe ulimukataa juu ya kabila? Sababu yeye ni mtu ya Lira?"

"Apana! Nauzia batu ya Lira kila siku."

"Dini?"

"Dini yake siijui."

"Sababu ni masikini?"

"Pesa yake iko. Yeye mwenyewe anasemaka."

"Siasa?"

"Mwenyekiti, mie mukimbizi, siasa nitatoa wapi?"

Watu wakacheka. Emérence akapata nguvu. Aliona vidole vya mwenyekiti vinaisha na yeye bado hana hatia, akainuka kabisa kwenye kiti.

"Nitawaambia kweli. Mie siko na baya na Afande. Ni adabu. Huyu baba anatoaka pesa na mukono ya kushoto, asubuhi, kabla ya mutu yeyote. Ninyi wote mulilelewa. Nani hapa anapokea kwa kushoto? Nani?"

Mtaa ukaguna, na mguno ulikuwa upande wake. Wazee waliitikia kwa kichwa. Exaucée akasema ndiyo, hiyo kweli si vizuri. Hata mwenyekiti alikunja kile kidole cha mwisho bila kukitaja, akamgeukia mlalamikaji kwa sauti ya mtu aliyekwisha kupata hukumu.

"Mzee, kwa nini wewe hautoi kwa mkono ya kulia kama batu wengine?"

Odyek akasukuma kiti nyuma. Akasimama. Akaanza kufungua vifungo vya koti kwa mkono wa kushoto, kimoja kimoja, na kwa jinsi alivyovifungua haraka ungejua amezoea. Akalivua, akalitundika kwenye kiti. Akainua mkono wa kulia, akauacha hapo. Ulikuwa na kiganja, na kwenye kiganja vishina vinne vilivyofunga zamani, na kidole gumba kilichopinda.

Kisha sauti ikatoka nyuma, ya mtu aliyetaka kusaidia: "Risasi hiyo! Alipigania inchi yetu!"

"Apana," Odyek akasema. "Mashine ya kusaga mahindi. Kule kambini. Nilikuwa nasaidia bibi yangu."

Mtu mmoja akacheka, akakatiza katikati. Odyek akautazama mkono wake, si kwa huzuni, bali kama anayemtazama ndugu asiyependeza ambaye hatimaye amemleta mbele za watu.

"Mimi hapana penda watu kuuliza," akasema. "Kila mtu nataka iwe risasi."

Akaketi. Mwenyekiti alikifungua tena kile kidole alichokikunja.

"Ulemavu," akasema kwa sauti ndogo. "Hiyo ndiyo ilikuwa imebaki."

Emérence alihisi uso unawaka kuanzia shingoni. Aibu ilimshika hasa, ya kweli, ile inayokufanya utamani kilemba chako kiwe kikubwa zaidi. Akakumbuka pakiti juu ya kaunta na mikono yake miwili mizima akiificha nyuma ya mgongo. Akakumbuka, bila kutaka, ndala zake mwenyewe Kikuubo. Alipiga magoti katikati ya baraza kama wanawake wa Kiganda wanavyosalimu wakubwa, akasema, "Afande, unisamehe. Sikujua." Na ilikuwa kweli. Hakujua, kwa kuwa kujua kungemgharimu swali moja.

Mwenyekiti akahukumu: mshtakiwa ameomba radhi mbele ya watu, ubao ushuke leo hii, na mzee auziwe maziwa wakati wowote atakaofika, awe wa kwanza au wa mwisho. Kisha akashuka kumpa Odyek mkono, akasita hajui ampe upi, akampigapiga begani. Ule mtaa uliokuwa umeguna ukawa mtaa wa watakatifu. Kila mtu alikuwa ameshangaa siku nyingi na tabia ya Mama Tresor. Waendesha bodaboda walikana lile jina la Askari wa Maziwa, kila mmoja akasema alilisikia kwa mwenzake. Blaise aliushusha ubao kwa mikono yake mwenyewe, akieleza kwamba yeye tangu mwanzo alikuwa na mashaka na neno "yeyote."

Usiku ule Emérence alifikiri, na alipofikiri alifika mbali. Akaona kosa lake lilikuwa wapi. Alikuwa amekosea mkono. Mungu alimletea mtu mlangoni kila asubuhi, mwaminifu, kabla ya wote, na yeye akamsukuma ukutani. Ndiyo maana mauzo yalikuwa yanasuasua. Mkono wa bahati ulikuwa ule ule! Alilala akiwa ametubu na amefurahi.

Asubuhi alifungua kwa funguo mapema kuliko siku zote. Akapangusa friji ndani na nje. Akatoa pakiti ya maziwa iliyo baridi kuliko zote, akailaza juu ya kitambaa cheupe kwenye kaunta. Akafunga kilemba cha Jumapili, akasimama mlangoni.

Akaja kijana wa bodaboda kutaka mkate.

"Bado sijafungua," Emérence akamwambia.

Akaja mwalimu wa nasari. Bado. Akaja mama mmoja mwenye mimba ya miezi yake yote, mkono ambao zamani Emérence angeubusu, akaombwa asimame pembeni kidogo. Exaucée alifika akitabasamu, pesa imenyooshwa, akidhani anayengojwa ni yeye.

"Ngojeni wote," Emérence akasema. "Leo Afande njo wa kwanza. Mwenyekiti alisema."

"Mwenyekiti hakusema sisi tusinunue," Exaucée akasema.

"Ngoja, dada."

Watu wakapanga mstari ukutani, pale pale palipokuwa pamechakazwa na mgongo wa koti la kijani. Wengine walinung'unika. Kijana wa bodaboda akauliza kama sasa Askari wa Maziwa amekuwa mwenyekiti. Emérence hakuwasikia. Alikuwa anatazama uchochoro wa nyuma ya duka, ambako Odyek hutokea.

Hakutokea huko. Alitokea upande wa njia panda, akipanda kilima polepole, magoti yakimsumbua waziwazi. Hakuvaa koti. Chini ya kwapa la kushoto alikuwa amebana pakiti ya maziwa ambayo haikuwa ya Emérence.

"Afande!" Emérence akaita, akatoka hadi barabarani, kilemba kikiyumba. "Karibu! Leo wewe njo wa kwanza. Nimekungojea. Ona, nimewakatalia wote!"

Odyek akasimama. Akatazama mlango uliokuwa wazi. Akaitazama redio iliyokuwa inaimba, friji iliyokuwa inawaka taa, pakiti kwenye kitambaa chake cheupe, kisha watu waliosimama mgongo ukutani, pesa zao zikiwa kwenye mikono ya kulia.

"Apana, Mama Tresor," akasema kwa upole. "Mimi naona wewe bado hujafungua."

Akainua mkono wa kulia, ule wa vishina, akamuaga kwa adabu zote, akaingia uchochoroni kumpelekea Juliet maziwa.

Exaucée akauliza kama sasa anaweza kupata sabuni. Emérence akageuka, akaangalia mikono iliyonyooshwa mbele yake, yote mizima, yote ya kulia, akashindwa kujua aanze na upi.